Kiatu cha Kiitaliano Nilichokipasua kwa Niaba Yako

Baba,

Nimerudi Sanyuanli, hapa Guangzhou. Kitasa cha chumba chako bado kinakwama pale pale, na jirani wa chini bado anakaanga pilipili tangu asubuhi hadi ngazi nzima inapiga chafya. Meza yako ameichukua Ami Hemedi, kwa hiyo nakuandikia juu ya katoni la viatu lililobaki. Kesho kutwa narudi nyumbani. Lakini siwezi kuuacha mji huu ulimolala kabla sijamaliza mjadala wetu, mjadala ambao wewe uliukatisha kwa kufa; jambo ambalo, kwa kanuni zote za mdahalo ninazozifahamu, halikubaliki.

Niruhusu niirejee hoja tangu mwanzo, maana najua ungenikatiza.

Dari la bweni letu lilimwangukia Rehema, niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja, likamvunja mguu. Tulikuwa tumeshalalamika juu ya nyufa zake hadi tukachoka. Nikawaongoza wenzangu kufunga lango la chuo, nikapanda juu ya ukuta, nikasema niliyoyasema. Chuo kikanisimamisha masomo kwa mwaka mzima, kisha kikaniletea karatasi yenye aya tatu ambazo sikuziandika mimi. Ya kwanza ilikiri kwamba nilifunga lango. Ya pili iliomba radhi kwa lugha niliyoitumia dhidi ya mkuu wa chuo. Ya tatu ilitamka kwamba nilizusha uongo kuhusu jengo lililokuwa salama. Nikitia saini, narudi darasani. Nisipotia, nimefukuzwa.

Ukanipigia simu kutoka huku: "Njoo Guangzhou upoze kichwa." Nikaja. Kichwa hakikupoa. Kila jioni, pale kwenye mkahawa wa Wazanzibari, ulinibembeleza: "Mwanangu, tia saini. Ni wino tu. Chukua shahada yako kwanza, ndipo uwachome kwa maneno." Nami nikasimama mbele ya sahani za watu wazima na kuhutubia juu ya ukweli, na juu ya mguu wa Rehema, na juu ya taifa linaloezekwa kwa madari mabovu na saini za watoto wake. Wewe ukawageukia wafanyabiashara wenzako: "Mmemsikia Mheshimiwa? Haya, makofi, pilau linapoa." Wakapiga makofi kweli, wasaliti wale.

Kisha ukaanguka Zhanqian Road, mtaa wa maduka ya viatu, katikati ya mizigo, ukiwa umeshika risiti mkononi. Hukumuaga mtu. Ami Hemedi ndiye aliyekuosha. Imamu Mchina akakusalia, na Waswahili wa Guangzhou wakakubeba mabegani, hata wale uliokuwa ukigombea nao bei. Nyumbani Unguja Mama akaingia eda bila ya kuuona uso wako.

Na hapo, Baba, ukapata ushindi ambao hukuupata ulipokuwa hai. Neno lako likageuka kuwa wasia. Ami Hemedi alinikalisha kitako, akaniambia: "Mwanaidi, jambo la mwisho alilolitaka baba yako ni utie saini. Wasia haujadiliwi." Mama akayarudia hayo hayo kwenye simu, akilia. Ulipokuwa hai nilikupinga nikiwa na mdomo uliojaa pilau. Sasa kuikataa karatasi kulikuwa ni kumkataa marehemu. Nani awezaye kubishana na kaburi? Nilijaribu. Kaburi halikatizi, halicheki, halisemi "haya, makofi". Ni mpinzani mgumu kupita wote.

Ndipo nikaziona tiketi mbili za Italia.

Ulikuwa umeuza viatu vya Kiitaliano maisha yako yote, viatu vilivyoandikwa jina la nchi hiyo kwa dhahabu kwenye soli ya ndani na kushonwa umbali wa vituo vichache vya metro kutoka hapa. Hukumdanganya mteja hata mmoja. Kila mtu sokoni Darajani alijua Italia yako iko wapi. Lakini ulikuwa na hamu yako. Kabla ya kuagiza mzigo wowote ulinunua jozi moja, ukaomba kisu, ukakipasua kiatu kuanzia kisigino hadi kidoleni mbele ya mwenye duka, ili uone kilichomo. Bi Lin, aliyekuuzia miaka yote, hakuwahi kuzoea. Alifunika macho kwa viganja akilia: "Aiya, pengyou! Rafiki, unaniua!" Na wewe ulisema, kila mara: "Siku moja nitakwenda huko kwao, ninunue kimoja halali, nikipasue." Ukaomba viza, yako na yangu, ukakata tiketi, na ukafa kabla ya safari.

Ami Hemedi alipiga kelele ghorofa zote zikasikia. "Mtoto wa kike, peke yake, Ulaya, na udongo wa baba yake haujakauka?" Nikamjibu: "Ami, waliokatiwa tiketi ni wawili. Mmoja hawezi kwenda. Je, haki ni kwamba wote wawili tukose?" Akamgeukia mkewe. "Huyu akiwa wakili," akasema, "mahakimu watajiuzulu." Kisha akanipeleka uwanja wa ndege mwenyewe, akinisomea dua njia nzima na kunikumbusha nisile nyama ya huko.

Sasa nikueleze nchi yako.

Roma ilinipokea kwa kidole kimoja. Kila mkahawa nilioingia, mhudumu alitazama nyuma yangu kumtafuta mwenzangu, asimwone, akainua kidole: mmoja? Siku za mwanzo swali hilo lilinitoa machozi, nikawa nanunua mkate na kuula barabarani, nikitembea haraka kama mtu anayechelewa mahali. Baadaye nikaamua kuwa mimi ndiye nitakayeinua kidole kwanza. Nikaingia kifua mbele, kidole juu, kama ninavyoomba nafasi ya kuzungumza barazani. Mmoja! Wakanipa meza zilizo katikati.

Ungelipenda kahawa yao. Wanainywa chungu, kwenye kikombe kidogo kama chetu cha barazani, wamesimama, wanaume kwa wanawake, na wanabishana kwa mikono juu ya mambo ambayo, kwa sura zao, hayatapatiwa suluhu leo wala kesho. Nilisimama kati yao nikahisi upo karibu, unatafuta pa kuweka kikombe chako. Nilizitazama pia nguzo zao za kale, na watalii wakizipigia picha na kuusifu utukufu wa wafalme. Nikauliza kwa sauti, kwa Kiswahili, kwamba je, waliozibeba nguzo hizi majina yao yako wapi? Mama mmoja mwenye kofia akanipa nafasi akidhani nataka kupiga picha.

Mjini Firenze nilikuaibisha. Niliingia duka la viatu lenye zulia, na kabla akili haijafika mikono yangu ilikuwa imeshafanya kazi uliyoifundisha: nimekikunja kiatu mara mbili, nimekinusa ndani, nimeingiza kucha chini ya soli kutafuta gundi. Muuzaji akatoa sauti kama ya paka aliyekanyagwa. Akanitajia bei. Nami, Mungu ni shahidi yangu, nikamjibu kwa Kichina, "Tai gui le!", ghali mno, nikampa mgongo na kuelekea mlangoni polepole nikisubiri aniite, kama anavyoita kila mtu Zhanqian Road. Hakuniita. Nilifika nje, nikasimama kando ya barabara, nikacheka peke yangu hadi nikaketi chini. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu tukuzike. Nikageuka nikuambie, na pembeni yangu palikuwa na pikipiki iliyoegeshwa.

Hapo ndipo nilipojua kwa hakika kwamba umekufa. Hukuwa umenifia Guangzhou, kati ya watu na dua. Ulinifia pale, kando ya ile pikipiki. Nikalia, nikajifuta, nikaenda kukata tiketi ya treni, kwa sababu kazi yako ilikuwa bado.

Nilivuka hadi mkoa wa Marche, upande wa pili wa nchi, mahali wanapotengeneza viatu, kisha nikapanda basi hadi mji mdogo ulio juu ya kilima. Nikaona karakana yenye mlango wazi, na ndani yake mzee mmoja na mkewe. Tulizungumza kwa msaada wa simu yangu, iliyotafsiri maneno yetu kwa sauti ya mwanamke mwenye haraka. Nikamwuliza swali lako: ndani mna nini? Akagonga kiatu kwa kidole, sehemu moja baada ya nyingine. Hapa ngozi. Hapa gome laini kama la kizibo cha chupa. Hapa, kwenye kisigino, kadibodi. "Kadibodi?" nikauliza. "Kadibodi," ikasema simu. "Marehemu baba yangu angenipiga. Ngozi tupu siku hizi hakuna wa kuinunua."

Nikanunua jozi hiyo. Kisha nikaomba kisu.

Aliposikia ninachotaka, alikikumbatia kile kiatu kifuani na kumwita mkewe aje ashuhudie wazimu. Yule mama akaniuliza sababu. Nikaiambia simu: "Baba yangu amekufa. Alitaka kuona ndani." Akasikiliza hadi mwisho, akakichukua kiatu mikononi mwa mumewe, akakilaza juu ya benchi na kukishikilia kwa mikono yote miwili. Nikakata. Mkono wangu hauna nguvu kama wako. Nilikata kama anayepasua nazi kwa kijiko. Lakini kilifunguka. Ngozi. Gome. Kadibodi, pale pale aliposema.

Na hapo, Baba, nilikushinda.

Kwa maana nilikumbuka kwamba hukuwahi kugombana na Bi Lin kwa sababu ya kadibodi. Ulinunua viatu vya kadibodi kwa makatoni, ukavipakia kwenye kontena, ukavipeleka nyumbani na kuvinadi kuwa ni vya kadibodi. Uliyemhama ni yule jirani yake aliyekuapia kuwa viatu vyake ni ngozi tupu. Ulipasua, ukaona, ukamrudishia kile kiatu bila neno, na tangu siku hiyo ulipita mbele ya duka lake kama mtu anayepita mbele ya ukuta. Nilikuona kwa macho yangu. Je, mtu aliyeishi hivyo anaweza kuniusia niuapie usalama wa jengo lililomvunja mtu mguu? Ulinitakia shahada, Baba. Ndiyo, na uliogopa. Hofu ya mzazi naiheshimu. Sikubali iitwe wasia.

Lakini sikushinda peke yangu, nawe pia una sehemu yako, maana nilikaa kwenye basi la kurudi nikaisoma upya ile karatasi, aya kwa aya, kama yule mzee alivyogonga kiatu. Ya kwanza ni kweli: nililifunga lango, na wagonjwa wa zahanati ya chuo walizunguka mbali. Ya pili ni kweli: nilimwita mkuu wa chuo jina ambalo Mama hatalisikia kutoka kinywani mwangu. Kwa mwaka mzima nilizikataa aya zote tatu kwa pamoja, kwa fahari, kwa sababu kukataa kitu kizima kunapendeza jukwaani. Nikaandika barua yangu mwenyewe. Nimeyakiri mawili ya kweli bila kupaka rangi. La tatu nimeandika kwamba sitalitamka, na kwamba niko tayari kuulizwa sababu ana kwa ana. Niliituma nikiwa bado Italia, kabla Ami Hemedi hajapata nafasi ya kuihariri.

Kamati ya nidhamu imejibu. Wananitaka nifike mbele yao. Hawakuahidi lolote, na mimi siombi ahadi.

Mama nilimweleza kwa simu. Nikasikia pasi ikipumua juu ya nguo. Kisha akasema: "Na Rehema anajua?" Nikasema anajua, na kwamba atakuja na magongo yake aketi nje ya mlango. "Basi njoo," akasema. "Lakini ule kabla ya kuja. Sitaki kesi na mtu mwenye njaa." Ami Hemedi, nilipomwambia, alishusha pumzi kama mwenye kushusha gunia. "Huko aliko," akasema, "anacheka au ananilaani mimi."

Leo asubuhi tulikuja kukuaga. Bi Lin alifuatana nasi, amevaa vizuri, akiwa na machungwa ya kukuwekea kaburini. Ami Hemedi alitazama mawingu akitafuta fatwa, asiipate, akamwacha ayaweke. Tulikusomea Fatiha. Bi Lin akainama mara tatu kwa desturi yake. Kisha akakusemesha kwa Kichina, taratibu, maneno marefu ambayo sikuyadaka yote, ila nilisikia akikulalamikia bei ya ngozi.

Kukuacha hapa ndiko kuzito kuliko kamati yoyote. Ami Hemedi atakuja kila Ijumaa. Ameniapia, nami namwamini. Mimi nitarudi, kwa shahada au bila ya shahada, kwa sababu mtoto hahitaji ruhusa ya chuo kuzuru kaburi la baba yake.

Mola akupanulie ulipolala, Baba, akufanyie mepesi yaliyobaki. Nami nakuahidi hili. Siku hiyo karani wa kamati atafungua mlango na kuniita kwa jina kamili, kama ilivyo desturi yao. Atasema langu, na mara baada yake atalazimika kusema lako. Nitainuka nikisikia yote mawili, na ndani ya chumba kile halitatoka neno ambalo jina la pili litalionea haya.

Binti yako,
Mwanaidi Salim