Nani Aende Karakana ya Parachuti

KAMATI YA MAFUNDI WA TIBA, ASKARI WASIO MAOFISA
HOSPITALI YA KITUO CHA JESHI LA ANGA CHA PEMBROOK FLATS, DAKOTA KASKAZINI

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAWAIDA KILICHOFANYIKA ALHAMISI, TAREHE 11 FEBRUARI 1993, KATIKA CHUMBA CHA MAFUNZO

WALIOHUDHURIA
Sajini Mkuu Odell Pruitt – Mwenyekiti
Sajini Marguerite Thibodeaux – Katibu
Sajinitaji Lonnie Kettering – Mjumbe, Msimamizi wa Mafunzo
Sajini Renata Escamilla – Mjumbe, Chumba cha Dharura
Koplo Dale Brandvold – Mjumbe, Kliniki ya Wagonjwa wa Nje
Wajumbe wengine saba, kama walivyotia saini katika daftari la mahudhurio

MWALIKWA
Kapteni Ruth Yoder – Muuguzi Mkuu

ASIYEHUDHURIA KWA TAARIFA
Koplo Purvis (gari lilikataa kuwaka, taarifa ilitolewa kwa simu na mke wake, ambaye naye hakufurahi)

WASIOHUDHURIA BILA TAARIFA
Hakuna. Mwenyekiti alisema jambo hili halijapata kutokea, na kwamba anajua sababu yake.

KUMB. NA. 1/2/93: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa saba na robo mchana, baada ya wajumbe kurudi kutoka maegeshoni walikokwenda kuchomeka upya nyaya za kupasha moto injini za magari yao. Aliwashukuru kwa kuja katika baridi ile. Alimshukuru pia Koplo Brandvold kwa bakuli la viazi na nyama ya kusaga lililopikwa na mama yake, akawaomba wajumbe wasikilize huku wakila, si wale huku wakijifanya kusikiliza.

KUMB. NA. 2/2/93: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Sajinitaji Kettering alipinga neno "alifoka" lililotumika juu yake katika kumbukumbu za Januari. Alieleza kwamba yeye hakufoka, bali alisema kwa sauti ya kawaida ya watu wa Oklahoma. Katibu alieleza kwamba sauti hiyo ilisikika hadi dirisha la dawa. Baada ya majadiliano marefu kuliko neno lenyewe, "alifoka" lilifutwa, likaandikwa "alisema kwa msisitizo". Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/2/93: HABARI ZA KAZI NA VYEO

(a) Mwenyekiti alitangaza kwamba Koplo Purvis amefaulu mtihani wa usajini. Atavishwa cheo mwezi Aprili, iwapo atafika.

(b) Mwenyekiti alieleza kwamba kuanzia Julai kila fundi wa tiba, hata aliyekaa miaka kumi kwenye dawati la masjala, atatakiwa kurudia cheti cha huduma ya dharura, pamoja na zamu za gari la wagonjwa. Mjumbe mmoja aliuliza kama kubeba machela juu ya barafu kumo. Sajinitaji Kettering alijibu kwamba mtihani unaanzia hapo hapo. Wajumbe wawili walishusha pumzi. Katibu alikuwa mmoja wao.

KUMB. NA. 4/2/93: SERA YA KUBADILISHA FANI

4.1 Mwenyekiti alieleza kwamba jeshi linapunguzwa, na Makao Makuu yameona masajini na makoplo wa tiba ni wengi kuliko nafasi zilizopo. Kila hospitali imetakiwa kutoa jina moja kabla ya mwezi kwisha. Atakayetajwa atapelekwa mafunzoni katika fani yenye upungufu. Anayejitolea atachagua mwenyewe kati ya karakana ya parachuti, ghala la chakula na ulinzi wa lango. Anayetajwa bila kujitolea atapangiwa. Mwenyekiti alikumbusha kwamba lango la kituo hiki linatazama kaskazini.

4.2 Aliongeza kwamba kamati inayo haki ya kumzuia anayejitolea, ikiwa pengo lake halizibiki. Kisha aliuliza kama yupo anayejitolea. Wajumbe walirudi kwenye viazi kwa bidii.

4.3 Sajinitaji Kettering alisema hakuna haja ya kuzungukazunguka. Alitaja jina la Koplo Brandvold. Alieleza kwamba hana ugomvi naye, ni kijana mwema, lakini fundi wa tiba anayetafuta mshipa kama anayechimba viazi gizani hawezi kuwa fundi wa tiba. Aliwaomba wajumbe waliowahi kuchomwa naye wanyooshe mikono. Mikono mingi ilinyooshwa. Katibu, aliyetolewa damu na Koplo Brandvold mwezi Januari kwa kipimo cha kawaida, alisema hana la kuongeza, akapandisha tu mkono wa shati ili wajumbe waone.

4.4 Koplo Brandvold aliomba kusema. Maneno yake yaliandikwa kama alivyoyatoa:

"Afande Mwenyekiti, naomba niseme kabla sijapigiwa kura nikiwa nimekaa hapa kama kabati. Mikono yangu naijua, hamna haja ya kunong'ona. Ila mimi sikuingia huku kwa bahati mbaya. Baba yangu alikamatwa mkono na mashine ya ngano, nikiwa nasoma sekondari. Yule bwana wa gari la wagonjwa alipiga magoti kwenye makapi, akamchoma, akamfunga, na njia nzima anamuuliza majina ya ng'ombe wetu. Baba hata sindano haikumbuki. Anakumbuka aliulizwa majina ya ng'ombe. Mimi nataka kuwa yule bwana. Mkinipeleka langoni nitakwenda, amri ni amri. Lakini msiseme sikutaka kukaa."

4.5 Sajinitaji Kettering alisema kwamba kutaka ni jambo moja na kuweza ni jingine. Mjumbe mmoja alimwomba apunguze sauti. Sajinitaji Kettering alimjibu kwa msisitizo.

4.6 Kapteni Yoder, akiombwa maoni yake, alisema angependa kamati ijue jambo moja la kliniki. Wapo wazee wastaafu wanaokuja Jumanne kupima damu, na wanajua fika kwamba kwa Koplo Brandvold watachomwa mara tatu. Bado wanampisha mwenzao mbele ili wao wamsubiri Koplo huyo. Alipomuuliza mmoja sababu, mzee alimwambia, "Mama, yule kijana anachoma vibaya, lakini ndiye pekee anayengoja nimalize sentensi." Kapteni Yoder alisema sindano inafundishika. Hilo jingine, katika miaka yake yote, hajapata kuona mtu akilifundishwa likamkaa.

4.7 Mwenyekiti alikuwa anajiandaa kuitisha kura juu ya jina la Koplo Brandvold, ndipo Sajini Escamilla alipoweka uma chini, akasema, "Subiri, afande. Niandikeni mimi. Najitolea. Parachuti."

4.8 Wajumbe walicheka, wakidhani anamwokoa mwenzake kwa mzaha. Sajini Escamilla hakucheka. Mwenyekiti aliomba utulivu.

4.9 Kwa faida ya watakaosoma kumbukumbu hizi baadaye, Katibu anaeleza kwamba Sajini Escamilla ndiye anayeitwa wodi yoyote, saa yoyote, mshipa wa mtoto mchanga unapopotea. Madaktari wakishindwa, humtafuta yeye. Hajawahi kusikika akilalamika, na hilo huenda ndilo lililowapoteza wengi.

4.10 Sajinitaji Kettering alisimama. Alisema jambo hilo haliwezekani na halijadiliwi. Alirejea haki ya kamati ya kumzuia anayejitolea, akasema kama pengo lisilozibika lina sura, basi sura yake ndiyo hiyo imekaa pale. Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa baina ya watu wawili, na Mwenyekiti aliyaacha yaendelee:

"Renata, wewe unaumwa?"

"Siumwi, mzee."

"Umegombana na mtu?"

"Sijagombana na mtu. Nimechoka kuipenda kazi kwa niaba ya watu wengine."

"Unaongea mafumbo. Mimi nimekuandaa miaka minne ukae kwenye kiti changu. Jina lako nimelipeleka kwa wakubwa kwa mikono yangu."

"Najua. Hukuniuliza."

"Nikuulize nini? Mtu ana kipaji kama hicho, anaulizwa?"

"Ndiyo, anaulizwa. Mama yangu alitaka nesi, mwandikishaji wa jeshi pale Laredo alikuwa na nafasi ya tiba, nikaingia. Kumbe mikono yangu inajua. Basi, ikawa hivyo. Kila asubuhi nafika mapema, nakaa ndani ya gari mpaka kioo kinaganda ndipo nashuka. Nikimchoma mtoto anapona, mama yake ananikumbatia, na mimi ninachosikia ni kile kilio tu, nakwenda nacho nyumbani. Nikiwa mbovu mngenifukuza. Nikiwa mzuri mnanifunga kamba. Sasa mimi niwe nani ndipo niruhusiwe kuondoka?"

4.11 Sajinitaji Kettering alisema huko ni kukimbia. Sajini Escamilla alijibu, "Sikimbii, mzee. Mlango umefunguliwa na Makao Makuu yenyewe, mimi natembea tu." Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini parachuti. Sajini Escamilla alieleza kwamba bibi yake alishona magauni ya wasichana maisha yake yote, naye amekulia chini ya meza ya cherehani. Alikwisha kwenda karakana ile mara kadhaa wakati wa chakula cha mchana, na wamemruhusu kukunja parachuti moja ya mazoezi. Alisema kitambaa hakilii.

4.12 Koplo Brandvold alimwambia Sajini Escamilla asijitoe kwa ajili yake. Sajini Escamilla alimjibu, "Dale, mdogo wangu, wewe humo kwenye hesabu hii. Hata ungekuwa unachoma kama malaika, ningeondoka." Koplo Brandvold alisema amefarijika, kwa kiasi.

4.13 Mwenyekiti alisema amekaa jeshini miaka ishirini na mbili, na hajawahi kuona kikao cha kumtafuta mtu wa kuondoka kikageuka kuwa cha kumkataza mtu kuondoka. Aliwakumbusha wajumbe kwamba lile pengo ni la hospitali, lakini maisha ni ya Sajini Escamilla. Alipendekeza akubaliwe, kwa sharti kwamba hadi aende mafunzoni mwezi Mei atamfundisha Koplo Brandvold kila siku. Sajini Escamilla alikubali sharti kabla halijamaliza kusomwa.

4.14 Kura ilipigwa kwa kunyoosha mikono. Wajumbe wote waliafiki, isipokuwa Sajinitaji Kettering, ambaye hakunyoosha mkono upande wowote. Mwenyekiti alimuuliza kama anapinga. Alijibu kwamba hapingi, anafikiri.

AZIMIO: Jina la Sajini Renata Escamilla lipelekwe Makao Makuu kama aliyejitolea, fani ya parachuti. Koplo Dale Brandvold abaki.

KUMB. NA. 5/2/93: MENGINEYO

(a) Jokofu. Kapteni Yoder alikumbusha, kwa mara nyingine, kwamba jokofu la chanjo si la chakula cha mchana. Alitoa mfano wa samaki aliyemkuta humo. Mwenye samaki hakujitokeza.

(b) Mafunzo ya Koplo Brandvold. Sajinitaji Kettering alisema kama jambo limeamuliwa basi lianze leo, vifaa vimo humu humu chumbani. Mwenyekiti aliuliza utatumika mkono wa nani. Wajumbe wengi walitazama saa zao. Sajinitaji Kettering alivua koti, akapandisha mkono wa shati, akauweka mezani kando ya bakuli, akasema, "Njoo, kijana. Kabla sijabadili mawazo."

Sajini Escamilla alisimama nyuma ya Koplo Brandvold, hakumshika mkono. Jaribio la kwanza halikufanikiwa. Sajinitaji Kettering alisema neno ambalo Mwenyekiti aliagiza lisiandikwe. Sajini Escamilla alimwambia Koplo Brandvold, "Unamchoma kama unafanya mtihani. Hao wazee wa Jumanne unawafanyaje? Unaongea nao, si ndiyo? Basi ongea naye."

Koplo Brandvold alifikiri kidogo, kisha akamuuliza Sajinitaji Kettering kama kwao Oklahoma walifuga. Alijibiwa kwamba walikuwa na farasi wawili tu. Akauliza majina yao. Sajinitaji Kettering alisema mmoja aliitwa Waziri, kwa sababu hakuwa anafanya kazi, na wa pili alikuwa wa dada yake, farasi jike mwenye doa, na alipofika hapo damu ilikuwa imeshaanza kupanda kwenye mrija. Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa alikuwa hajamaliza habari za huyo farasi wa pili, na Koplo Brandvold alikuwa bado anamsikiliza.

Pamba ilipowekwa, Sajinitaji Kettering alibaki amekunja mkono, akamgeukia Sajini Escamilla.

"Hizo parachuti. Rubani akiruka, isifunguke, anaulizwa nani?"

"Aliyeikunja. Anaandika jina lake."

"Yaani wewe."

"Mimi."

Sajinitaji Kettering alishusha mkono wa shati, akasema anayekimbia haandiki jina lake. Kisha alimwomba Katibu arudi kwenye KUMB. NA. 4/2/93, kifungu cha 4.14, na kura yake iandikwe kuwa ya kuafiki. Mwenyekiti alisema utaratibu hauruhusu, kisha akaruhusu.

Imeandikwa: wajumbe wote waliafiki.

KUMB. NA. 6/2/93: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alifunga kikao saa tisa kasorobo alasiri, baada ya kumwagiza Koplo Brandvold amfikishie mama yake bakuli likiwa limeoshwa. Wajumbe walitoka pamoja kwenda kuchomoa nyaya za magari. Sajinitaji Kettering na Sajini Escamilla walibaki chumbani, na waliyozungumza hayakuwa ya kikao.

Zimesomwa na kukubaliwa kuwa sahihi:

Sgt. Mkuu O. Pruitt
MWENYEKITI

Sgt. M. Thibodeaux
KATIBU