Bogenvilia za Mama Auma

Mjukuu wangu Atieno,

Nakusihi, usimsomee mtu barua hii, hata baba yako. Nyanya yako anakusalimu. Mvua bado, mahindi yamekauka.

Umeuliza kwa nini sikubali bogenvilia zilizo katikati ya shamba letu zing'olewe. Mjane jirani yetu, Mama Auma, alizipanda kuwa mpaka kati ya shamba lake na letu. Nilikuwa karani mpya wa ardhi, na baba yangu akaniamuru nichore mpaka kwenye ramani nyuma ya nyumba ya mjane huyo, ili shamba lake liwe letu.

"Mwanangu, wewe umesoma," Mama Auma aliniambia. "Chora tu unachokiona."

Niliogopa, nikamtii baba. Mama Auma alihamia mtaa wa mabanda wa Obunga, akafia huko. Hakuna anayezimwagilia maji, lakini kila kiangazi zinachanua palepale.

Mtafute binti yake. Ukimpata, usinipigie simu. Mwachie ujumbe fundi wa viatu sokoni Katito. Nitakuja na ramani ya kwanza, ile niliyoificha, inayoonyesha mpaka wa kweli.