Marehemu Kaitikia Shikamoo

Mjukuu wangu Zuwena,

Marahaba, maana najua shikamoo umeimeza. Umenizidi miaka miwili na vyeti vyote, lakini mdogo wa mwisho wa babu yako ni mie, basi babu utaniita tu. Huku mtaani Malindi, Unguja, sote wazima.

Umeuliza kama kweli Unguja nzima inakuchukia, kwa matusi wanayokumiminia mtandaoni tangu umwandike vibaya yule mgombea, na kama usirudi tena nyumbani.

Nisikilize mie, fundi wa kompyuta niliyeachia skuli njiani. Uchaguzi uliopita niliajiriwa kumpigia mtu debe mtandaoni. Nikafungua akaunti mia mbili zinazojiendesha: zinasifu zenyewe, zinatukana zenyewe, na ukiziamkia zinaitikia. Majina yakaniishia, nikatia la marehemu bibi mzaa mama, na picha yake.

Asubuhi moja mama akaiona. Akaandika kwa kidole kimoja, "Shikamoo mama."

Papo hapo ikajibu, "Marahaba mwanangu. Kura yako umeshaamua?"

Mama akanitazama. "Mama kafa mie nimevunjika mguu," akasema polepole. "Mbona haniulizi mguu umepona?"

Nikataka kuifuta, kumbe matajiri wangu washabadilisha nywila. Mpaka leo bibi anasifu watu asiowajua.

Hao wanaokutukana sijui wangapi wana roho. Panda boti Ijumaa. Bandarini tutakuja watu sita, na mama kasema kama ni kukugombeza, atakugombeza kwa mdomo wake mwenyewe, kisha mle.

Babu yako, upende usipende,
Khamis