Nyumba ya Vikasha vya Dawa

Dada yangu mkubwa,

Nakuamkia kwa heshima zako zote, nikiamini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limekuruhusu kupanda ngazi bila kumlaani aliyezijenga. Shemeji hajambo? Na watoto je? Huku sote wazima. Wifi yako naye mzima, ingawa najua hukumuulizia. Huu ni mwezi wa saba hamsalimiani, na kila ukipiga simu unataka upewe mimi tu. Jambo hilo linaninyima raha, nami nitalifikia. Kwanza nina habari ambayo nimeshindwa kuikalia kimya.

Dada, nimejenga nyumba ndogo! Tulia, usivae viatu kuja kunigombeza, si nyumba ndogo ya aina hiyo. Hii kimo chake ni kama kutoka kiwiko changu hadi ncha ya kidole, na ipo juu ya meza ya kulia, kwa hiyo siku hizi tunakula tumepakata sahani.

Unajua nilivyokuwa tangu daktari aliponieleza kwamba moyo umepanuka na kazi ya uashi basi. Mtu aliyezoea mifuko ya saruji anaambiwa asinyanyue hata ndoo ya maji! Nilipotoka hospitali nikawa nashinda kwenye kochi, miguu imevimba, nakodolea macho ukuta na kuhesabu makosa ya aliyepiga lipu. Aliyepiga lipu ni mimi mwenyewe. Nilikuwa na hasira na kila mtu, hata jirani nilimchukia kwa sababu ya kupiga mluzi akianika nguo.

Basi asubuhi moja nilikuwa napanga vikasha vya dawa dirishani, mkono ukaanza wenyewe. Kimoja, cha pili kando yake, cha tatu juu ya maungio, kama tofali. Nikaja kushtuka niko mstari wa nne na sijakumbuka kuumwa. Nikaenda kuchukua pima maji kwenye mfuko wangu wa vifaa, nikaiweka juu, na ule utone wa hewa ukatulia katikati kabisa. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Tangu siku hiyo sishikiki. Wifi yako ananipikia gundi ya unga wa ngano. Fundi cherehani wa mlango wa pili, mwenye kisukari, ameniletea vikasha vyake, na mwalimu mstaafu wa ghorofani akaleta vya pumu, virefu, vinafaa sana kwa linta za juu ya milango na madirisha. Kenchi za kubeba paa nimezitengeneza kwa njiti za kiberiti. Bati ni yale makaratasi ya fedha ya vidonge, nimeyanyoosha kwa kijiko mpaka yanang'aa. Najenga saa moja, napumzika, najenga tena, na pumzi haikatiki. Juzi yule fundi cherehani alichungulia ndani, akasema sebule ya nyumba hii ina mwanga kuliko yake, akaniuliza kama natafuta mpangaji!

Sasa Dada, kaa kitako.

Mistari mitatu ya chini haikuwa ya vikasha vitupu. Wiki tano zilizopita wifi yako alikuwa anafuta meza, akainyanyua nyumba, ikalia chakarachakara. Akaitikisa tena. Aliitua taratibu, akavuta kiti, akanisubiri.

Vilikuwa na vidonge ndani. Dawa zangu za miezi mitano kabla ya kulazwa, sikuzigusa. Ile ya kupunguza maji mwilini ilikuwa inanipeleka chooni kila baada ya muda mfupi, nami nilikuwa nang'ang'ania vibarua vya kuziba nyufa kwa siri, nikaona haya kumwomba mwenye nyumba choo mara ya sita kwa asubuhi moja. Nikaacha kuzimeza. Vikasha nikavificha kwenye mfuko wa vifaa, na kila wifi yako aliponiuliza nilimjibu kwamba nimeshakunywa. Nilipohamishia ujenzi mezani nikatafuta tofali za msingi zisizobonyea, hivyo ndivyo nilivyovikumbuka.

Ndiyo maana nilianguka. Hakuna aliyezidisha chumvi, Dada. Ulipofika hospitali mbio ukamfokea mbele ya wagonjwa wote kwamba mkono wake wa chumvi ndio unaniua, mimi nilikuwa macho. Niliyafumba nikajifanya nimelala. Na hata baada ya kutoka nikawa nameza leo, naruka kesho, yeye akijipa lawama.

Nilipomaliza kumweleza, hakunifokea. Alisema tu kwamba miezi yote hiyo alikuwa anaonja mboga mara tatu kabla ya kuipakua, akiogopa kuniua. Nililia, Dada, mtu mzima na ndevu zangu.

Tuliibomoa ile nyumba wote wawili, nikaanza upya hii ya sasa. Vidonge tukavirudisha hospitali, na daktari nikamwambia ukweli. Sasa nameza kila siku, na kikasha hakiingii ukutani mpaka kiwe kitupu. Fundi gani husubiri tofali moja wiki mbili? Mimi! Na nasubiri kwa furaha, kwa sababu wiki hii daktari amebonyeza miguu yangu na kidole chake hakikuacha shimo.

Yeye nimeshamwomba radhi. Wewe nakuomba hapa, kwa maandishi, usije ukasema sikutamka: nimekukosea, nilikuacha umwonee mtu asiye na kosa. Mpigie simu. Mimi sitaipokea.

Barua hii ameisoma kabla sijaifunga. Alinisihi nifute pale nilipoandika kwamba ulimfokea mbele ya watu, ili usione aibu ukiisoma. Sikufuta.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na ulichunge hilo goti.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi