Merikiori Haendi Mahabusu

Lukole, Ngara

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini mguu umepungua uvimbe na mvua imewafikia huko Mbinga. Mimi mzima, ila vumbi la kambini linanikereketa koo.

Unasema watu huko wanacheka, eti nimesomea uuguzi nije kuchunga vichaa wa Burundi. Waache wacheke mpaka wachoke. Ni wagonjwa, Mama, kama wa malaria, na mimi siwachungi, nawauguza.

Kuna mkimbizi mmoja hapa, Merikiori, mtu wa makamo. Alikuwa anasikia sauti, tena anakunywa kupita kiasi. Dawa zikamtuliza. Tukawaomba majirani wasimpe pombe, nao wakatii mno, wakamnyang'anya na mrija. Warundi huzunguka chungu kimoja cha pombe ya mtama, kila mtu na mrija wake, na asiyeitwa hapo ni kama hana watu. Merikiori akaacha dawa, akalazimisha kunywa, akavunja mlango wa jirani. Polisi wakamkamata.

Hapo nilipandwa na hasira, Mama. Polisi wanasema ni mgonjwa, wa zahanati. Daktari anasema ni mlevi, wa polisi. Wagawa chakula wakamnyima posho kwa kuwa hakuja kwenye foleni. Angekujaje, na yuko ndani? Na gari la kumpeleka mahabusu mjini lilikuwa linakuja kesho yake.

Nikakaa kwenye benchi la kituo, nikasema sibanduki mpaka hao wote waje hapa.

"Sista, unanipangia kazi?" mkuu wa kituo akaniuliza.

"Ndiyo, afande. Leo nakupangia."

Wakaja wamenuna, na mke wa Merikiori nyuma yao. Tulibishana hadi sauti ikanikauka, lakini tukaelewana: daktari atoe dawa, mke wa Merikiori apokee posho ya mumewe, polisi wakimkuta amechanganyikiwa wamlete kwetu zahanati, wasimfungie. Merikiori alikuwa pembeni, hakuna aliyemuuliza neno. Mwishowe akasema mwenyewe, "Dawa nitameza. Lakini nipeni mrija wangu, hata wa maji."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Mkewe akasema atamkamulia juisi ya ndizi mbivu, isiyochachuka, awe na kibuyu chake katikati ya wenzake.

Gari lilikuja, likaondoka tupu. Jumapili nilimwona kwenye duara, mrija mdomoni, anabishana na watu juu ya mbegu za maharage. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka.

Mkuu wa kituo amenishtaki kwa wakubwa kwamba mimi mkorofi. Kweli, na bado.

Msalimie kaka na wanawe, shangazi anayeuza vitumbua, na mjomba fundi baiskeli, hata kama naye alicheka. Nawakumbuka wote.

Mkisikia nimefukuzwa kazi, Mama, msinipe pole. Ulizeni kwanza kama Merikiori bado yuko kwake.

Ni mimi binti yako mbishi,
Hilda