Seva Moja, Ghorofa Mbili

Jumatatu, 3 Juni
Safu yangu imetoka — rasimu ya zamani! Ile yenye "huenda" tatu. Mimi na "huenda" wapi na wapi? Kisa: kompyuta zetu wahariri huku juu zina mtandao wake, za chini wake, na seva ya kurasa iko kwetu. Chini hawaifikii. Basi nashuka na flashi, na wifi yangu, msanifu kurasa, kachukua faili silo. Nimemfokea. "Wifi, mafaili yako yote ni MWISHO," akasema. "MWISHO, MWISHO KABISA, MWISHO WA MWISHO. Nichague lipi?" Nikapanda ngazi kurudi juu. Magoti yanauma.

Jumanne, 4 Juni
Nimemhutubia fundi wa mitandao: ukuta usiopitisha maneno ni jela! Akangoja nichoke. Inawezekana, akasema, ataweka kanuni kwenye ruta, chini waione seva. Ila msanifu na watu wa matangazo wako mtandao mmoja. Akimfungulia yeye kawafungulia wote. Nimpe wiki amtenge kwanza. Wiki! Safu ya sasa inaisema kampuni ya maji — mabomba makavu, bili mbichi — na kampuni hiyo ndiyo hununua ukurasa wetu wa nyuma kwa matangazo yake. Najua. Lakini ngazi zile! Nikamwambia fungua.
"Ukilikoroga utalinywa, mama."

Jumatano, 5 Juni
Imefunguka. Wifi kapiga simu toka chini: analiona faili langu, moja tu, kesho analivuta mwenyewe. "Sasa utanifokea kwa lipi?" Sikushuka hata mara moja. Nimekula nikiwa nimekaa, kama binadamu.

Alhamisi, 6 Juni
Nilitaka kurekebisha nukta moja tu. Faili likakataa: linatumiwa na kompyuta nyingine. Ipi? MATANGAZO 2. Nikangoja likaachiwa. Aya ya mabomba haipo! Na wamenirudishia "huenda".
Simu. Wifi, kwa sauti ya chini: safu imepungua, imeacha uwazi, na mkuu wa matangazo kamsimamia hapo, anasema mimi na yeye tumekubaliana uwazi ujazwe tangazo. "Kweli mmekubaliana, wifi?"
Nyuma yake namsikia yule bwana, mpole kama daktari: mwambie dada apumzike, asijisumbue na ngazi.
Nakala nzima iko kwenye flashi, mkobani. Nimemwambia wifi asikate simu, asiguse kitu. Navaa viatu.