Radhi Zangu na Upepo wa Mchana

Nizwa, Oman
Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Mpendwa dada yangu Mahbouba,

Shikamoo dada. Hali yako vipi, na miguu yako inayovimba? Natumai dawa ya kuchua niliyompa mwanao Nahla akuletee imekusaidia. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila mwenzio mimi usingizi siupati.

Uliniuliza kwenye simu habari za mwanangu Hafidh, nikakwepa. Ukweli nilikuonea haya, kwa sababu kosa ni langu.

Unaujua mchezo wake wa kuruka kutoka mlimani kwa mwavuli mkubwa wa kitambaa, yeye na mwenzake Taimur. Baba yake, Musabbah, humtania kwamba mtu mzima wa miaka ishirini na saba bado anacheza tiara. Siku za joto huruka alfajiri tu, na ikifika saa mbili wameshakunja vitu vyao. Mimi sikupenda. Giza halijatoka vizuri, baridi, umande. Nilidhani mchana kweupe ndio salama, mtu anaona anakokwenda.

Mwezi wa Agosti tukapata wageni kutoka Sur, wazee wa Reem, binti tunayemposea Hafidh. Kwa kujigamba kwangu nikawaahidi kuwa Ijumaa, baada ya sala na chakula, tutawapeleka wakamwone kijana anavyoruka. Hafidh akakataa. Akanieleza taratibu kwamba mawe ya mlima yakishapata moto hewa hupanda juu kwa nguvu, na alasiri mawingu ya mvua hujikusanya juu ya Jabal Akhdar, upepo ukageuka ghafla. Nikaona anatafuta kisingizio. Nikamwambia akiniaibisha mbele ya wageni, radhi zangu hana. Dada, nililitamka neno hilo.

Akaruka. Wageni wakapiga makofi. Halafu nikaona hashuki, anazidi kupanda, mpaka akawa mdogo kama kunguru. Upande mmoja wa mwavuli ukajikunja, akaporomoka, ukafunguka tena, na upepo ukamchukua nyuma ya mlima. Wingu jeusi lilikuwa limesimama huko huko. Simu yake haikupatikana. Saa mbili nzima nilikaa juu ya mawe na nguo zangu za Ijumaa, sijui kama bado nina mtoto.

Taimur na Musabbah walimkuta bondeni, mfupa wa bega umevunjika. Nilipoingia hospitali, neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Nisamehe mama, wageni hawakuona vizuri." Nililia mpaka muuguzi akanitoa nje.

Posa imekubaliwa, hilo halina wasiwasi. Mfupa nao umeunga, na daktari amemruhusu. Sasa anataka kurudi mlimani, alfajiri, na hataki kwenda bila ya radhi zangu. Wiki mbili ananiuliza, nami nazungusha maneno. Musabbah kanambia hilo ni langu na mwanangu, yeye hatii mkono. Nikawa natoka uani kila asubuhi kutazama makuti kama yanatikisika, mimi ambaye zamani upepo niliujua kwa kuanikia nguo tu.

Jana akaniuliza tena. Nikamwambia: "Radhi unazo, uruke usiruke. Ukiiona hewa mbaya, kaa chini, hata kama nimeialika Nizwa nzima."

Nimesema kwa mdomo, moyo bado unakataa. Ataruka Ijumaa hii saa kumi na mbili asubuhi, kwenu saa kumi na moja. Nakuomba ukishasali alfajiri usiondoke kwenye mswala. Kaa na mimi hapo mpaka nikupigie.

Nisalimie shemeji Thabit, Nahla na wanawe, na bi Shamsi wa jirani. Mola akupe afya na akuzidishie umri wenye heri. Hafidh anakuamkia. Hajui nimekuandikia haya.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Mwanamboka